Ukilaghaiwa na ajenti wa ardhi: Mlango wa kubisha na namna ya kulalamika

Na MWANDISHI WETU

MSAFIRI anayetoka Thika akielekea Garissa hafiki Matuu kabla ya kuyaona mabango. Yamesimama kando ya barabara kuu, mengine yamepigiliwa kwenye miti, mengine yamechorwa ukutani: ploti zinauzwa, hatimiliki zipo tayari, maji na stima viko karibu, lipa pole pole.

Mji huu wa kaunti ndogo ya Yatta, Kaunti ya Machakos, uko umbali wa takriban kilomita 100 kutoka Nairobi. Kwa miaka mingi ulijulikana kwa Mfereji wa Yatta, uliochimbwa miaka ya hamsini kwa jasho la wafungwa wa vita vya Mau Mau, na ambao hadi leo huwawezesha wakulima kupanda mboga na matunda katika eneo lenye mvua haba. Siku hizi mji huu unajulikana pia kwa ploti. Ardhi iliyokuwa ikiuzwa kwa ekari, tena kwa jirani anayemjua jirani, sasa inakatwa vipande vya futi 50 kwa 100 na kuuzwa kwa walimu, askari, wafanyabiashara wa Nairobi na Thika, na Wakenya walioko ughaibuni ambao pengine hawajawahi kukanyaga Matuu.

Kati ya muuzaji na mnunuzi husimama ajenti. Akiwa mwadilifu, huwaokoa wote wawili gharama na usumbufu. Akiwa mlaghai, huondoka na akiba ya miaka 20 kwa alasiri moja.

Mara nyingi aliyelaghaiwa hulalamika, lakini hulalamikia mahali pasipofaa. Huenda kwa chifu, akatoka hapo akaenda kwa mbunge, kisha akaishia kumwaga hasira kwenye mtandao. Miezi hupita, ushahidi hupotea, na ajenti huhamia mji mwingine. Makala haya yanaeleza mlango upi hufunguliwa na malalamiko yapi, mlalamishi aende na nini mkononi, na atarajie nini.

Ajenti ni nani mbele ya sheria?

Kazi ya uajenti wa nyumba na ardhi nchini Kenya husimamiwa na Sheria ya Maajenti wa Mali Isiyohamishika, Sura ya 533, iliyotungwa mwaka wa 1984. Sheria hiyo ndiyo iliyounda Bodi ya Usajili wa Maajenti, inayofahamika kwa kifupi kama EARB, yenye makao yake Nairobi.

Kwa mujibu wa sheria hiyo, ajenti ni mtu anayefanya biashara ya kuwakutanisha muuzaji na mnunuzi, au mwenye nyumba na mpangaji, au anayejadili masharti ya mauzo au ya upangaji kwa niaba ya mmoja wao. Mtu haruhusiwi kuifanya kazi hiyo pasipo kusajiliwa na Bodi. Anayevunja kanuni hii anatenda kosa la jinai, ambalo adhabu yake ni faini isiyozidi Sh20,000, au kifungo kisichozidi miaka miwili, au vyote viwili. Faini hiyo iliwekwa wakati ambapo Sh20,000 zilikuwa fedha nyingi. Leo haifikii hata kamisheni ya ploti moja.

Jambo la pili la kuzingatia ni kwamba sajili ya Bodi huandikwa majina ya watu. Bango linaweza kuwa na jina la kampuni lenye kuvutia, lakini swali la kuuliza ni: mkurugenzi gani wa kampuni hii amesajiliwa kuwa ajenti? Ikiwa hakuna, bango hilo ni rangi tu ukutani.

Jambo la tatu ndilo huwatatiza wanunuzi wengi wa Matuu. Kampuni nyingi zinazouza ploti huko husema kwamba hazimuuzii mtu mwingine ardhi, bali zimenunua shamba kubwa kwa jina lao, zikaligawa, na sasa zinauza mali yao wenyewe. Ikiwa ni kweli, basi kampuni hiyo ni muuzaji. Malalamiko dhidi yake yakipelekwa kwa Bodi, yumkini utetezi wake wa kwanza utakuwa kwamba yeye si ajenti na Bodi haina mamlaka juu yake. Pengo hili ni mojawapo ya sababu zilizotolewa za kuandaliwa kwa Mswada wa Udhibiti wa Sekta ya Nyumba na Ardhi wa 2023 katika Seneti, uliokusudia kuwaweka maajenti na wajenzi wa miradi chini ya chombo kimoja.

Kwa hivyo, kabla ya kuandika neno lolote, mlalamishi ajiulize: Je, mtu huyu aliniuzia kilicho chake, au aliniuzia cha mwingine? Jibu ndilo litakaloonyesha njia.

Kosa la maadili ni lipi?

Si kila hasara ni kosa la maadili. Bei ya ploti ikishuka baada ya mtu kununua, hiyo ni biashara. Ajenti akichelewa kupokea simu kwa siku mbili, huo ni utovu wa adabu lakini si jambo la kumfikisha mbele ya Bodi.

Kosa la kimaadili ni pale ajenti anaposaliti dhamana aliyopewa. Mathalani, ajenti anaposhikilia arbuni ya mnunuzi na kuitumia kwa mambo yake. Fedha za wateja zinatakiwa kuwekwa katika akaunti ya wateja, kando na fedha za ajenti mwenyewe, na anayezichanganya hawezi kujitetea kwamba alikuwa na nia ya kuzirejesha.

Ni kosa pia kumficha mteja jambo analopaswa kulijua: kwamba ardhi imewekwa rehani benki, kwamba kuna kesi mahakamani, kwamba mwenye shamba alifariki na familia haijakamilisha urithi, au kwamba ajenti mwenyewe ana hisa katika kampuni inayouza. Ni kosa kula kamisheni pande zote mbili bila kuzijulisha. Ni kosa kuuza ploti moja kwa watu wawili. Ni kosa kumkodishia mtu asiyesajiliwa jina na muhuri wako ili afanye kazi kwa kivuli chako.

Katika nyumba za kupangisha, malalamiko ya kawaida ni ya ajenti anayetoza pesa za kuonyeshwa nyumba ambayo tayari ina mpangaji, au anayekataa kurejesha amana ya mpangaji aliyehama bila kueleza ni uharibifu gani uliokatwa.

Hatua ya kwanza: Thibitisha usajili

Mlalamishi aanze kwa kuuliza Bodi ikiwa mtu huyo amesajiliwa na ikiwa cheti chake cha mwaka husika ni halali. Bodi huchapisha orodha ya maajenti walioidhinishwa, na inaweza kuulizwa kwa barua. Bodi ni shirika la umma, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 humpa raia haki ya kuomba taarifa kama hiyo na kujibiwa katika muda wa siku 21.

Swali hili dogo ndilo njia panda. Ikiwa amesajiliwa, Bodi ina mamlaka juu yake na malalamiko ya kimaadili yana maana. Ikiwa hakusajiliwa, Bodi haiwezi kumfuta mtu ambaye hakuwamo kwenye sajili. Huyo ni wa polisi, na tutamrudia baadaye.

Mali bila daftari

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Malalamiko nayo, bila karatasi, huisha vivyo hivyo.

Mlalamishi akusanye mkataba wa mauzo, risiti, taarifa ya benki, na taarifa kamili ya M-Pesa kutoka kwa kampuni ya simu badala ya picha ya ujumbe pekee. Akusanye tangazo au karatasi ya matangazo aliyopewa siku ya kutembelea shamba, kwa kuwa humo ndimo ahadi zilimoandikwa. Ahifadhi ujumbe wote wa simu bila kufuta hata ule unaomwaibisha yeye mwenyewe. Ujumbe uliochaguliwa huzua shaka kwa anayeusoma.

Muhimu zaidi ni matokeo ya upekuzi rasmi wa ardhi, ule ambao watu huuita sachi, kutoka kwa ofisi ya usajili wa ardhi. Karatasi hiyo huonyesha jina la mmiliki, ukubwa wa ardhi, na kama kuna zuio au rehani. Mfumo wa kidijitali wa Ardhisasa ulizinduliwa Nairobi mnamo Aprili 2021 na umekuwa ukipanuliwa hatua kwa hatua. Sachi iliyotolewa na ajenti mwenyewe haitoshi. Mlalamishi aombe yake.

Kisha aandike kumbukumbu ya matukio kwa tarehe. Siku gani alipigiwa simu, siku gani alipelekwa shambani, nani alikuwapo, nani alionyesha mawe ya mpaka, kiasi gani kililipwa na kwa nani. Maneno "kwa nani" yana uzito. Watu wengi huingia mkataba na kampuni, kisha wakatuma pesa kwa nambari ya simu ya mfanyakazi. Siku ya mashtaka, kampuni husema haikupokea chochote.

Kuandika barua ya malalamiko

Barua ya malalamiko haihitaji Kiingereza cha mawakili. Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi sawa na Kiingereza. Mlalamishi wa Matuu aliye na ujuzi zaidi wa Kiswahili ana haki ya kuandika kwa Kiswahili.

Barua nzuri haizidi kurasa mbili, na ina sehemu tano: mlalamishi ni nani na anapatikana wapi, anayelalamikiwa ni nani, jina lake kamili, kampuni yake na nambari yake ya usajili, nini kilitokea, kwa mpangilio wa tarehe, kosa lenyewe ni lipi, na mlalamishi anaomba nini. Viambatisho vipewe nambari na vitajwe ndani ya barua.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mama anayeuza nafaka sokoni amelipa arbuni ya Sh150,000 kwa ajenti aliyesajiliwa, kwa ajili ya ploti nje ya mji wa Matuu. Baadaye anafanya sachi na kugundua kuwa shamba hilo bado liko kwa jina la mzee aliyefariki. Anaweza kuandika kiini cha malalamiko yake hivi:

"Mnamo tarehe iliyo kwenye risiti (kiambatisho 2), ajenti alipokea kwangu Sh150,000 akiniarifu kwamba hatimiliki ya ploti ilikuwa tayari. Sachi niliyofanya baadaye (kiambatisho 3) inaonyesha kuwa shamba zima lingali kwa jina la mtu ambaye familia yake inasema alifariki, na halijagawanywa. Nilimwandikia ajenti nikitaka maelezo na pesa zangu (kiambatisho 4). Hajanijibu. Nalalamika kwamba alinipa habari zisizo za kweli, na kwamba amekataa kutoa hesabu ya fedha alizozishika kwa niaba yangu. Naomba Bodi ichunguze mwenendo wake."

Msomaji atazingatia kwamba hakuna tusi hata moja katika maneno hayo. Mama huyo hakumwita ajenti mwizi. Ameeleza tendo, akaonyesha karatasi, akaacha wenye mamlaka waamue. Barua yenye matusi humpa mshtakiwa nafasi ya kusema kwamba hili ni suala la chuki ya kibinafsi.

Atazingatia pia kiambatisho cha 4. Kabla ya kwenda kwa Bodi, mlalamishi amwandikie ajenti mwenyewe, ampe muda mahususi wa kujibu, tuseme siku 14, na ahifadhi nakala. Baadhi ya migogoro humalizikia hapo. Isipomalizika, kimya cha ajenti huwa ushahidi.

Barua ipelekwe mkononi na nakala igongwe muhuri wa kupokelewa, au itumwe kwa njia inayoacha alama. Bodi ikimpa mlalamishi fomu, aijaze na kuambatisha barua yake. Inafaa maelezo hayo yaungwe mkono kwa hati ya kiapo mbele ya kamishna wa viapo. Aliyeko ughaibuni anaweza kula kiapo mbele ya afisa anayetambulika huko aliko.

Baada ya kuwasilisha

Bodi ikiona kuna jambo la kujibiwa, humwarifu ajenti na kumpa nafasi ya kujitetea, yeye mwenyewe au kupitia kwa wakili. Wapo wanaoudhika kuona "mwizi wao" akipewa nafasi ya kusema. Wasiudhike. Uamuzi uliotolewa bila kumsikiliza mshtakiwa hubatilishwa na mahakama kwa urahisi, na mlalamishi hurudi alikoanzia.

Mlalamishi naye ajiandae kuitwa na kuulizwa maswali. Ataulizwa kwa nini alilipa kabla ya kufanya sachi. Ataulizwa kwa nini alituma pesa kwa simu ya mtu binafsi. Heri kusema ukweli kwamba aliamini maneno ya ajenti kuliko kubuni hadithi itakayoporomoka.

Bodi ikimpata ajenti na hatia ya utovu wa maadili ya kazi, inaweza kumwonya, kumsimamisha kwa muda, au kuliondoa jina lake kwenye sajili. Asiyeridhika na uamuzi anaweza kukata rufaa katika Mahakama Kuu.

Hapa ndipo penye kiini cha makala haya. Malalamiko ya kimaadili ni ya kumwadhibu ajenti na kuwakinga wateja wengine. Hayakukusudiwa kuwa njia ya kudai deni. Mama yule wa nafaka anaweza kushinda mbele ya Bodi, ajenti akafutwa, na Sh150,000 zikabaki hazijarudi. Anayezitaka pesa zake hana budi kubisha mlango wa pili, tena asisubiri wa kwanza ufungwe.

Pesa zitarudi vipi?

Mlango huo wa pili ni mahakama. Ikiwa dai ni la pesa tu, bila mvutano kuhusu nani mwenye ardhi, na halizidi Sh1 milioni, lipo jukwaa la Mahakama ya Madai Madogo iliyoundwa na sheria ya 2016. Humo mtu anaweza kujiwakilisha bila wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe katika siku 60 tangu iliposajiliwa.

Mvutano ukiwa wa umiliki wa ardhi, jambo hilo ni la Mahakama ya Mazingira na Ardhi, ambayo ina kituo Machakos, au la mahakama ya hakimu mwenye mamlaka kulingana na thamani ya ardhi. Wakazi wa Yatta wana mahakama karibu nao, Kithimani.

Sheria mbili zinastahili kujulikana na kila mnunuzi. Ya kwanza ni Sheria ya Mikataba, Sura ya 23, ambayo katika kifungu cha 3 inataka mkataba wa kuuza ardhi uwe wa maandishi, utiwe saini na pande zote, na saini hizo zishuhudiwe. Makubaliano ya mdomo chini ya mwembe hayamfikishi mtu mbali, hata kama kijiji kizima kilikuwapo.

Ya pili ni Sheria ya Udhibiti wa Ardhi, Sura ya 302. Mauzo ya ardhi ya kilimo yanahitaji idhini ya bodi ya udhibiti wa ardhi ya eneo hilo, na ombi linatakiwa kuwasilishwa katika miezi sita tangu mkataba ulipofanywa. Idhini isipopatikana, mauzo huwa batili. Lakini kifungu cha 7 humwachia mnunuzi faraja moja: pesa alizolipa ni deni analoweza kulidai kutoka kwa aliyelipwa. Ndiyo maana jina lililo kwenye risiti ni muhimu kuliko jina lililo kwenye bango.

Muda nao haumsubiri mtu. Chini ya Sheria ya Ukomo wa Mashtaka, Sura ya 22, dai linalotokana na mkataba lifikishwe mahakamani kabla ya miaka sita kupita. Ajenti anayesema "njoo mwezi ujao" kwa miaka mitano anaijua sheria hii vizuri kuliko mteja wake.

Kama hakusajiliwa, ni kazi ya polisi

Ikiwa jibu la Bodi ni kwamba mtu huyo hayumo kwenye sajili, mlalamishi aende kituo cha polisi. Kujifanya ajenti ni kosa la jinai kama tulivyoona. Kuchukua pesa kwa hila ni kosa jingine. Kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, kinaweka adhabu ya kifungo cha hadi miaka mitatu kwa anayepata mali kwa udanganyifu.

Mlalamishi ahakikishe malalamiko yake yameandikwa kwenye kitabu cha matukio na apewe nambari ya OB. Bila nambari hiyo, hakuna malalamiko. Kuna mazungumzo tu. Ulaghai ukihusisha hati bandia au watu wengi, Idara ya Upelelezi wa Jinai, DCI, ina kikosi cha kuchunguza ulaghai wa ardhi.

Hata ajenti aliyesajiliwa anaweza kushtakiwa kwa jinai. Usajili si kinga.

Kila fani ina msimamizi wake

Mara nyingi ajenti hakutenda peke yake. Kulikuwa na wakili aliyeandika mkataba, mpima aliyeonyesha mawe ya mpaka, au mthamini aliyetaja bei. Kila mmoja ana mahali pake pa kujibu. Wakili hulalamikiwa kwa Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili. Mpima ardhi yuko chini ya bodi yake kwa mujibu wa Sheria ya Upimaji, Sura ya 299. Mthamini yuko chini ya Bodi ya Usajili wa Wathamini, Sura ya 532. Ikiwa ajenti ni mwanachama wa Taasisi ya Wapima ya Kenya, ISK, taasisi hiyo pia ina kanuni za nidhamu kwa wanachama wake.

Yapo pia mauzo ya ploti yanayopitia vyama vya akiba na mikopo. Sakata ya Ekeza Sacco, ambayo serikali iliingilia kati shughuli zake mnamo 2018, iliwafunza wengi kwa uchungu kwamba pesa zilizowekwa kama akiba na pesa zilizolipwa kwa kampuni ndugu ya ardhi si kitu kimoja. Malalamiko kuhusu akiba ni ya Kamishna wa Vyama vya Ushirika. Malalamiko kuhusu ploti hufuata njia tulizozieleza.

Na ikiwa Bodi au ofisi yoyote ya umma italala juu ya faili? Tume ya Haki za Kiutawala, inayoitwa pia Ofisi ya Ombudsman, iliundwa na sheria ya 2011 kushughulikia uzembe wa ofisi za umma. Kifungu cha 47 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya hatua za kiutawala zilizo za haraka na za haki.

Wenzetu wanafanyaje?

Tatizo hili halikuanzia Matuu. Marekani, chama cha kitaifa cha maajenti kilichoanzishwa Chicago mnamo 1908 kilipitisha kanuni zake za maadili mwaka wa 1913. Malalamiko dhidi ya mwanachama huwasilishwa kwa tawi lake la mahali katika siku 180, huchujwa na kamati, kisha husikizwa na jopo. Huko pia, jopo la maadili humwadhibu ajenti bila kumlipa mlalamishi fidia. Madai ya pesa yana utaratibu mwingine.

Uingereza ilikwenda hatua moja mbele. Kwa sheria ya 2007, iliyoanza kutekelezwa kwa maajenti wa nyumba za makazi mnamo 2008, kila ajenti anatakiwa kujiunga na mpango wa usuluhishi unaoweza kuamuru mteja alipwe. Mlalamishi wa huko hubisha mlango mmoja palipo na milango miwili kwetu. Hilo ni jambo ambalo watunga sheria wetu wanaweza kulifikiria.

Tahadhari mbili

Kwanza, mlalamishi asikimbilie kuchapisha picha na jina la ajenti mtandaoni. Akikosea hata jambo moja, anaweza kujikuta mshtakiwa katika kesi ya kuharibia mtu jina. Malalamiko yaliyowasilishwa kwa nia njema mbele ya chombo chenye mamlaka yana ulinzi ambao uvumi wa mitandaoni hauna.

Pili, ajenti aliyebanwa huja na ahadi: "Ondoa malalamiko nami nitakulipa." Si vibaya kusuluhishana. Lakini makubaliano hayo yawe ya maandishi, pesa zilipwe kwanza, na mlalamishi asikubali kamwe kula kiapo kwamba yale aliyoyasema mwanzoni yalikuwa ya uongo. Kiapo cha uongo ni kosa, na aliyekula ndiye atakayejibu.

Tamati

Kuna wanaosema kulalamika ni kupoteza nauli ya Nairobi bure. Pengine pesa zao wenyewe hazitarudi. Hata hivyo, ajenti asiyelalamikiwa hubaki na cheti safi, na cheti hicho ndicho atakachomwonyesha mnunuzi wa kesho, mwalimu au mjane atakayeshuka kwenye matatu Matuu akiwa ameshika akiba yake.

Kwa anayenunua leo, mambo manne yatamwepusha na barua hizi zote: ahakikishe ajenti amesajiliwa, afanye sachi yake mwenyewe, azungumze na mwenye shamba na familia yake, akiwemo mke au mume, na alipe kwa akaunti iliyotajwa kwenye mkataba, si kwa simu ya mtu. Hayo yote humalizika kwa siku chache. Kesi ya ardhi huenda ikamaliza miaka.